Vitoto vya Nguruwe Nilivyokabidhiwa Nkunga

Nkunga, Rungwe

Mdogo wangu Zainabu,

Amani ya Mungu ikufikie wewe na wote walio uani kwako. Goti lako limepoa? Yule mbuzi mweupe amezaa? Mimi kifua kinanibana, mvua ya huku haina adabu, lakini nipo. Anayeshika kalamu ni Mama Tumaini, mwalimu wetu wa kisomo. Nimemkataza kuyalainisha maneno yangu.

Barua yako alinisomea mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani amekosea. Unasema umesikia dada yako analisha nguruwe, kwa hiyo harusi ya Mwanahawa nisije, na nikija nisiguse sufuria. Mwanahawa! Uliyeniletea hajaota meno, nikamlea mgongoni kwenye baridi hii mpaka akajua kuchota maji. Haya. Ulichosikia ni kweli. Sasa sikia na kilichobaki.

Kijiji kilijenga banda la nguruwe, la wote, sakafu ya saruji. Vitoto vikawa havifiki ukubwani. Kimoja kikikohoa tu, watu wanasema kimekufa, na jioni kiko chunguni na ndizi. Mwenyekiti wa kijiji akaja kwangu, kofia mkononi.

"Bibi, lishike wewe lile banda."

"Umerukwa na akili? Mimi Mwislamu."

"Ndiyo sababu. Sisi tukimtazama nguruwe mate yanatutoka. Kwako hakuna kitoto kitakachokufa kwa sababu watu wana njaa ya nyama."

Nilicheka, Zainabu. Kisha nikakumbuka ni nani waliombeba marehemu shemeji yako kwa machela hadi hospitali, kilima na mvua, wakibadilishana mabega. Ni hao hao wala nguruwe. Kaburi lake walichimba wao, wakaniuliza kwa heshima aelekezwe wapi. Wewe pole yako ilikuja kwa barua, miezi miwili baadaye. Nikamwambia mwenyekiti, lete ufunguo.

Bwana mifugo alituletea kopo la unga wa dawa. Kijiko kimoja kwenye pumba, akasema, unaongeza damu, unakuza, unakinga maradhi. Kweli, vitoto vilichangamka. Kopo likaisha, na gari la kuleta jingine tukalingoja mpaka tukachoka. Vikapauka masikio, vikaanza kuhara, viwili vikafa. Nikautazama ule weupe wa kukosa damu, nikaujua. Ndio niliouona kwenye viganja vyako nilipokuja huko kukuuguza una mimba ya Mwanahawa, ulipokuwa ukibandua udongo ukutani kwa mama na kuutafuna.

Basi nikachimba udongo mwekundu pale kilima kilipokatwa kupitisha barabara, ndani kabisa, ambako hapakanyagwi na mtu wala mnyama. Nikautupa bandani. Vikaula kama sukari! Kwenye pumba nikatia dagaa wa kusaga, na mkaa kidogo uliopondwa wa kuzuia kuhara. Masikio yakarudi rangi. Hakikufa tena hata kimoja.

Bwana mifugo aliporudi akafoka, "Bibi, saruji yote hii, wewe unajaza matope!"

"Vihesabu kwanza, baba, halafu ufoke."

Akavihesabu. Akafungua daftari lake, akaandika kwamba ile dawa ya kopo imefanya kazi vizuri. Mwanamke nisiyejua kusoma, nilijuaje? Mama Tumaini alichungulia begani kwake.

Wanawake wa hapa wakinipita njiani wananiambia "ndaga fijo", asante sana. Kwa ndugu yangu nimeambiwa nisiguse sufuria. Mama Tumaini ananong'ona hapa niseme kwa upole. Andika, mama, andika.

Nikimgusa mnyama yule nanawa mara saba, moja kwa udongo, kama baba alivyotufundisha sisi wawili tumekaa mkeka mmoja. Swala hainipiti. Nyama yake haijapita mdomoni mwangu. Ungeniuliza, ningekuambia. Hukuuliza. Umesikia kwa mpita njia, ukanikata.

Kwa hiyo siji. Sitakaa nje ya ua nasikia vigelegele vya mtoto niliyemlea, huku watu wananichungulia mikono. Ila akiuliza mama mkubwa yuko wapi, usimwambie naumwa. Mwambie ulichoniandikia, kwa mdomo wako, unamtazama machoni.

Nisalimie kaka yetu Athumani fundi viatu, mwambie aache kukohoa peke yake, aende akaonwe. Nisalimie shangazi yetu asiyeona, umshike mkono kwa ajili yangu. Na mkwe wako anayekusongea ugali, mwambie ana moyo wa chuma.

Aliyekuletea barua hii ni fundi cherehani wa Tukuyu. Amebeba na doti ya kanga ya Mwanahawa. Nimezikunja mwenyewe, kwa mikono hii. Ukitaka kuzifua kabla hujampa, zifue. Usiniambie tu.

Mimi dada yako, ninayekupenda utake usitake,

Mwajuma