Masale Chini ya Mikulo

Jumatano, 13 Novemba 2024
Vigingi vyangu vya chuma, alama za utafiti, vimeng'olewa tena. Vyuma chakavu vina soko. Mgongo huu mwembamba wa kilima, kati ya makorongo mawili, ndio mahali pekee hapa juu Old Moshi ambapo nimeona mikulo, miti mikubwa ya mbao, ikichipua yenyewe. Bila alama siwezi kulinganisha mwaka na mwaka. Nimepanda masale, ile mimea ya majani marefu, badala yake, kuuzunguka msitu wote. Kijiti hushika upesi, na Mchagga hang'oi isale. Hoja haina dosari.
Tangu nistaafu na kurudi kutoka Morogoro, sauti ninayoisikia zaidi humu ndani ni ya friji.

Jumatatu, 13 Januari 2025
Kiangazi. Masale yote yameshika, hakuna lililoguswa. Mbega wapo. Wanawake wanaokata majani ya ng'ombe hawapo — hata njia yao imefunikwa. Nyasi za ukingo wa chini zanifika kiunoni, zimekauka. Katika maandishi yangu yote sijawahi kutaja kwamba miundu yao ndiyo iliyozuia moto wa mashambani usipande msituni.

Jumapili, 26 Januari
Baada ya ibada nilimwomba jirani yangu Aikande arudi na wenzake kukata majani. Akasema majani ya mwenyewe hayaibiwi. Nikauliza, mwenyewe nani?
"Mwalimu kazungusha masale ya mpaka kilima kizima, halafu anauliza mwenyewe. Hata ng'ombe wangu ameyaona, akageuza njia."
Wenzake wakacheka. Sasa hununua majani ya mpunga kutoka Chekereni, kule chini tambarare, kwa gari la kukodi. Nikaeleza: ni alama za utafiti tu. Akajibu, bila ukali, kwamba aliyelichukua shamba la baba yake naye alieleza vizuri.

Alhamisi, 6 Februari
Moto — wa mtu aliyekuwa akisafisha shamba. Ulifika kwenye nyasi. Nilipambana nao peke yangu kwa jani la mgomba. Upepo ndio uliogeuka. Mimi sikuzima kitu. Mikulo imepona.
Sikupiga yowe. Sikuwa na hakika nani angeitika.

Jumamosi, 8 Februari
Asubuhi nimeng'oa masale ya ukingo wa chini. Moja nimelifunga fundo, kama alivyofanya marehemu baba alipokwenda kuomba msamaha. Anayepelekewa isale hawezi kukataa. Hapo ndipo niliposita: nimekwisha kuwalazimisha kwa isale mara moja.
Naandika nikiwa juu ya gogo, nje ya lango la Aikande. Isale limo mkobani. Mkononi nina mundu, nilioununua jana sokoni.
"Ng'ombe kwanza, Mwalimu," amesema kutoka zizini. Nasikia maziwa yakigonga ndoo. Kisha:
"Huo mundu umeunoa?"
Nagusa makali yake kwa kidole gumba. Sijaunoa.