Kuku Aliyesema Siponi

Kabula mjukuu wangu, marahaba. Hapa Samuye tu wazima, ila babu yako amemnunia mbuzi aliyemlia kofia.

Unauliza, kabla ya huo utafiti wenu wa kompyuta ya kutabiri hospitalini, tulijuaje mgonjwa yupi atapona? Tulimuuliza kuku. Nilipougua nikiwa msichana, nilimtemea kuku mate mdomoni, kisha mfumu, mganga wetu, akampasua na kumkagua ndani. "Huyu haponi," akasema. Ndugu wakalia, halafu wakampika yule kuku.

Harufu ikanifikia kitandani. Nikajikokota hadi nje, nikamkuta mfumu ameshika paja.

"Hilo langu!"

Mama akafuta machozi. "Mzee, rudisha paja."

Kompyuta yenu ikishatabiri, mwulizeni na mgonjwa kama ana njaa.

Ni mimi bibi yako, yule wa "haponi".