Mwanafunzi wa Jumamosi Saa Nne

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Baba, na karibu mwaka wote huo tumekuwa tukimtafuta mtu mmoja: Bata.

Wanafunzi wako wengine wa klarineti tuliwajua hata macho yakiwa yamefumbwa. Fundi saa, ambaye akipuliza majirani walikuwa wakizima redio. Muuguzi aliyeanza akiwa na miaka hamsini, akaomba asiitwe mwanafunzi mbele ya wanawe. Na wale pacha waliokuwa wakigombea zamu, halafu kila mmoja zamu ikimfikia anasema tumbo linamuuma. Hukumfokea hata mmoja wao. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," ulikuwa ukisema, kisha unaanza naye upya kutoka mstari wa kwanza.

Ila kila Jumamosi saa nne ulikuwa ukifunga mlango wa chumba cha mbele, na humo ndani mtu akipuliza klarineti ikilia kama bata aliyekanyagwa; ndiyo tukampa jina Bata. Miaka kumi na moja, nyimbo zilezile tatu za wanaoanza! Hatukuwahi kumwona; chumba kina mlango wake wa barabarani, tukajua anapitia huko. Mama akipita na ndoo alikuwa akipaza sauti makusudi: "Huyu mtoto wa watu kichwa chake kigumu jamani! Si umwambie ajaribu ngoma?"

Nawe ukajibu kutoka ndani, "Anajitahidi. Mwache."

Ulipolazwa ulimwambia dada yetu mkubwa, "Ile klarineti ya zamani, yenye ufa niliouzungushia uzi, msiigawe ovyo. Ni ya mwanafunzi wa Jumamosi." Ukacheka mpaka kikohozi kikakukatiza. Kesho yake hukuwepo tena wa kuulizwa.

Wosia wa mzazi ni wosia. Msibani tulimkagua kila mgeni tusiyemjua. Dada akapekua daftari lako la ratiba: kila saa ina jina lake, Jumamosi saa nne umeandika "Mgumu", basi. Mdogo wetu wa mwisho aliapa kwamba Bata ni muuza magazeti wa kona, akambebea klarineti mpaka kibandani. Maskini, hata filimbi hajawahi kupuliza.

Mwezi uliopita fundi saa alikuja kurudisha vitabu vyako, nasi tukamuuliza. Akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Kwani hamjui? Bata ni mwalimu mwenyewe!"

Kumbe Jumamosi moja alirudi kufuata miwani aliyosahau, akakukuta peke yako umebadilisha mikono: wa kulia juu, wa kushoto chini, kinyume kabisa na unavyomfundisha kila mtu, vidole vinapapasa matundu havijui viende wapi. Ulimwambia, "Nikisahau ugumu wa kujifunza, nitaanza kuwafokea ninyi."

Inatuuma, Baba, kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuufungua ule mlango, hata kwa umbeya tu.

Mama aliingia chumba cha mbele, akakalia kile kiti cha wanafunzi. Ni yeye uliyekuwa ukimbembeleza tangu ujana wenu ajifunze, naye akikujibu kwamba vidole vyake ni vya kukamua nguo. Alipotoka alisema, "Basi ile klarineti haina mwenyewe. Nileteeni."

Sasa Jumamosi saa nne fundi saa anakuja, na mlango unafungwa. Ni nyimbo zako zilezile tatu, Baba, na hakika hali ni mbaya. Juzi mdogo wetu alishindwa kuvumilia, akaita kutoka ukumbini, "Mama, si ujaribu ngoma?"

Kisha sauti ikatoka ndani:

"Najitahidi. Niache."

Unakumbukwa na mkeo, binti yako mkubwa, wanao wawili wa kiume, wajukuu, fundi saa, muuguzi, pacha, na muuza magazeti, ambaye bado anatuuliza kama Bata amepatikana. Tunamwambia amepatikana.

Daima tutakukumbuka, na Jumamosi saa nne mtaa mzima utakukumbuka, upende usipende.