Mlango wa Mbele wa Ndege ya Kene

Abakpa, Enugu
Jumatano asubuhi

Kwako Dada Obiageri,

Nakusalimu wewe, namsalimu binti yako mzazi, na namsalimu huyo mjukuu wetu ambaye bado hana habari kwamba amezaliwa katika ukoo wa watu wakubwa. Natumaini unamkanda mama yake kwa maji ya moto kama inavyotakiwa, na supu ya pilipili anainywa bila kununa. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, ila usingizi umenihama na chakula nakizunguka tu kwenye sahani. Barua hii ni ya nne, tatu nimezichana. Ningekupigia simu, lakini wewe una tabia ya kuguna, na ukiguna tu mimi hugeuza habari. Karatasi haiguni.

Najua unataka kusikia juu ya mwanao Kene na shirika lake la ndege. Nnunu Air ipo, dada. Ndege ni moja, viti hamsini, mapangaboi mawili, na rangi ya chungwa niliichagua mimi. Mwenye ndege, mzungu wa huko mbali, alitaka kodi ya kutisha. Nilimkazia macho dakika tano, akatokwa jasho na kuishusha mwenyewe. Kene atakuambia aliishusha kwa sababu ya zulia bovu na mlango wa choo usiofunga. Usimsikilize. Hata rubani, kabla ya kuwasha injini, hunitazama mimi kwanza.

Lakini ndege ya bei ya chini si sawa na basi. Basi unalinunua, unaandika jina la Mungu kwenye kioo, unaanza kuita watu. Ndege ni karatasi juu ya karatasi. Mafuta yakipatikana, kibali hakijasainiwa. Kibali kikisainiwa, rubani wa pili ameshachukuliwa na shirika lenye mshahara mnono. Na wateja wenyewe ndio hawa wa kwetu. Siku tulipofungua dirisha la tiketi kwa majaribio, mama mmoja muuza vitambaa alisema bei ni nzuri, ila yeye ni mwembamba, apunguziwe. Akaambiwa bei ni ya kiti, si ya mwili. Akasema basi yeye na dada yake watakaa kiti kimoja.

Kubwa kuliko yote ni mtihani wa kutoka. Wakaguzi wa serikali hawatoi leseni mpaka waone ndege imejaa watu, taa zimezimwa, mlango wa nyuma umefungwa, na kila mtu ametoka kwa mlango wa mbele ndani ya sekunde tisini. Kene akanipa kazi ya kutafuta abiria. Akasema, mjomba, wewe ndiye msafiri wetu, wewe uliyeruka hadi Ujerumani kununua injini. Nikaleta watu arobaini na tisa kutoka soko la vipuri, na wa hamsini nikawa mimi, kiti cha kwanza kabisa. Nilivaa kofia yangu nyekundu yenye unyoya wa tai, kwa kuwa mpiga picha alikuwepo. Unajua tangu nilipopewa cheo cha Ogbuefi na kofia hiyo mwaka jana, pale sokoni hakuna anayenipita mbele.

Mhudumu mkuu alikuwa Olaedo, binti wa yule mama anayekaanga bagia za kunde kituoni kwetu. Kengele ilipolia aliufungua mlango, mtelezo wa mpira wa kushukia ukajaa upepo, akapaza sauti turuke. Hakutoka mtu. Dakika nne, dada. Kene alikuwa nje na wakaguzi, akaona giza na kivuli kimoja kimesimama mlangoni. Wakatupa nafasi moja ya kurudia, Ijumaa hii. Tukianguka tena, ndege inarudi kwa mwenyewe, na watu thelathini na sita aliowaajiri mwanao wanarudi makwao.

Taa zilipowashwa Kene aliuliza ni nani aliyeziba pale. Olaedo akasema ni abiria mmoja aligoma, na jina hakulitaja. Mimi nikasema hakuna abiria aliyegoma, huyu binti ndiye miguu ilimganda, na kama si mimi kuwatuliza watu wangekanyagana. Watu wangu wa sokoni wakatazama viatu vyao. Kene akamwondoa kazini papo hapo.

Tangu siku hiyo sikai mahali nikatulia. Jana nilijikuta kituoni, kwenye bagia za mama yake Olaedo. Olaedo alinisalimu kwa jina langu la heshima, akanifungia sita, akaongeza ya saba. Mama yake akasema kutoka kwenye karai, mpe Ogbuefi za moto hizo, ana haraka, Ijumaa anakwenda kuokoa watu. Benchi zima likacheka. Mmoja akauliza kama naokoa na wenye madeni. Olaedo hakucheka. Alinisogelea akasema polepole, mjomba, Ijumaa usikae mbele. Yule msichana aliyewekwa mahali pangu bado mdogo, hataweza kukugusa.

Na Kene ameshaniandikia kiti kilekile. Anasema shujaa akae mlangoni.

Dada, kivuli kilikuwa mimi. Nilifika mlangoni, nikatazama chini, mikono ikashika fremu ikakataa kuachia. Urefu wenyewe ni wa paa la banda la mbuzi. Mtoto angeruka akiimba. Nyuma yangu watu arobaini na tisa, na hakuna aliyenisukuma. Nilisikia, Ogbuefi, tangulia. Nikasikia, tunakusubiri, Ogbuefi. Kijana mmoja alipoanza kusogea, mwenzake akamwambia, una kichaa wewe, utamsukuma mtu mwenye kofia nyekundu? Kama ule ungekuwa moto wa kweli, wangeungua wamejipanga foleni kwa adabu. Ni Olaedo peke yake aliyeniwekea mkono mgongoni. Nikamuuliza kama anajua anamgusa nani. Akauondoa.

Kuna lingine, na hili ndilo lililochana zile barua tatu. Mimi sijawahi kupanda ndege. Siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza hata kukaa ndani yake. Mwaka ule wa Ujerumani nilipanda basi nikaishia Cotonou, hapo Benin, nikalala wiki tatu chumbani kwa muuza matairi. Injini nilizinunua hukohuko. Lile koti la baridi nililokuletea kutoka Frankfurt nililichagua kwenye rundo la mitumba kando ya barabara. Wewe ulilivaa Krismasi kanisani, jua linawaka, jasho linakutiririka, ili watu wajue mdogo wako amefika Ulaya. Nikifumba macho naliona koti lile.

Nimekuandikia wewe kwanza ili mkono wangu uzoee maneno. Kituo cha mabasi ya huko uliko, Makurdi, kinatazamana na ofisi ya Kene. Nitampa dereva bahasha hii, nimwambie asiondoke nayo mpaka anione nimeingia kwa Kene na kutoka. Nisipoingia, airudishe. Kwa hiyo ukiwa unasoma hapa, jua nimeshamwambia Kene ukweli, na Olaedo amerudi mlangoni kwake. Ijumaa nitakaa kiti cha mbele vilevile, maana mtihani bila mzee mwoga si mtihani. Kofia nitaiacha nyumbani juu ya kabati. Watu wa sokoni nimepanga kuwaambia kwamba asiye na kofia anasukumwa, na Olaedo nitamwomba asukume kwa mikono miwili.

Nisalimie mkweo, mbusu mtoto kwa niaba yangu, na usimsimulie bado habari zozote za mjomba wa mama yake. Koti, kama lipo, ligawe.

Ni mimi mdogo wako,
Silvanus