Alama ya Nado

Kwako Yeyo, mama yangu,

Nakuinamishia kichwa nikiwa huku Ujerumani, uniwekee mkono kama nilipokuwa mdogo. Goti lako linaendeleaje na hii baridi ya Kitengela? Na mvua imewafikia, ama bado mnaiona tu ikinyesha upande wa Ngong?

Mimi niko mzima, bado napangusa vioo kwa ile makumbusho. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu unatumia ya mdogo wangu Naisiae akikutembelea, na haya yanamhusu. Mama Pasta akusomee mkiwa wawili tu.

Yeyo, niko na wivu. Niliangalia video ya harusi ya huyo mdogo wangu, nikafurahia shanga na nyimbo, mpaka wakaleta ng'ombe aliozawadiwa. Mbele alikuwa Nado. Nado wangu, yule mwekundu baba alinipatia kabla hajatuacha, mimi mwenyewe nikimshika sikio akichomwa alama yangu. Sasa juu ya alama yangu kuna ya Naisiae. Yeye amekaa na wewe miaka hii yote, mimi nafagia kwa watu, na bado ati apewe Nado? Chakula kilinishinda siku mbili.

Kazini kuna chumba cha sarafu za Warumi wa kale. Mzee anayezitunza alinionyesha moja, mfalme amechorwa mpaka mikunjo ya shingo. Nikauliza nani alimchonga. Akasema hajulikani. Mmoja alishika chuma cha moto kwa koleo, mwingine akapiga nyundo, jina likabaki la mfalme.

Halafu akaisogeza kwa taa. Kumbe huyo mfalme alipigwa juu ya sura ya mwingine aliyemtangulia. Nyuma ya shingo yake niliona sikio ambalo si lake.

"Alitaka kumfuta," mzee akasema. "Nyundo haikutosha."

Nilisimama hapo na kitambaa changu mpaka msimamizi akaniita.

Sitaki Nado arudishwe. Zawadi ya harusi hairudi, wakwe wa Matasia wangetucheka. Lakini akizaa ndama jike, msimchome. Akae hivyo mpaka nije nishike chuma mwenyewe.

Nisalimie kaka anayechunga, na shangazi muuza maziwa. Naisiae pia, nampenda hata nikimkasirikia. Mengine usimwambie, ila hili moja: apapase paja la Nado. Palipochomwa manyoya hayaoti tena. Ataisikia yangu chini ya yake.

Ni mimi, uliyemzaa wa kwanza,
Nasieku