Mashine Iliyoamka Saa Kumi

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, na lile goti limeanza kukuruhusu kupanda ngazi. Sisi huku wazima. Mama ana mafua, baba ana kelele zake, na mimi ni yuleyule wa kukimbia simu ikilia. Ndiyo maana naandika.

Shuleni barua kama hizi tunaziandika kwa Kiingereza cha darasani. Nilijaribu hivyo, nikaichana. Kwa lugha ile wewe ni ndugu wa mama tu. Kwa yetu wewe ni mama, na nina jambo ambalo mtu humwambia mama.

Tangu kaka atutoke uliomba kitu kimoja tu: sauti ya mwanao. Unajua alirekodi kila mchezo aliocheza, na majigambo yake yote yamo kwenye diski ya ile mashine yake, kompyuta aliyoiacha hapa kwetu alipokuwa akiishi. Nilikujibu kwamba mashine imekufa, nikanyamaza. Leo nasema yote.

Wiki moja baada ya mazishi, siku baba aliyowasha tena umeme wa chumba chake, saa kumi kamili alasiri, mashine ilijiwasha. Mama alisikia feni, akadhani ni mvua. Kufungua mlango, taa za bluu zinawaka na kiti ni kitupu. Alipiga ukelele mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Kesho yake saa kumi, tena. Baba akataka itupwe. Mama akaifunika shuka, na chini ya shuka ikawaka vilevile, kama mtu anayesoma kwa tochi.

Mimi nikaanza kuingia. Nikitoka shule navua viatu, nakaa pembeni ya kiti chake, si juu yake, na kumsimulia siku yangu. Kaka hakuwahi kunilazimisha kusalimia. Nikifika aligonga meza kwa pete yake mara tatu, basi, nikajua nimekaribishwa. Hiyo ilikuwa yetu wawili. Hata mama haijui.

Halafu Jumanne moja tulichelewa shuleni kwa mtihani. Nilipofika, mashine ilikuwa imezima na chumba kinanuka plastiki iliyoungua. Saa kumi ya kesho yake ikapita kimya. Mama Mdogo, kimya kile kilinitisha kuliko kelele.

Nilimleta Fundi Risasi, yule wa kuunganisha nyaya anayenukia moshi wa risasi ya kulehemu hata siku ya harusi. Akaichungulia. "Pawa saplai imekata roho," akasema. Ndilo boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya mashine. Lilikuwa la wati mia tano, na kaka alikuwa ameweka kadi kubwa ya picha bila kulibadilisha. "Kadi hii ikishtuka inavuta mara mbili kwa kufumba na kufumbua. Huyu alikuwa punda, amebebeshwa lori."

Sasa ungamo. Fundi alisema, "Kama shida yenu ni sauti, nichomoe diski tu. Jioni hii unazo." Nikakataa. Nilimwambia nataka mashine nzima ifufuke. Sikutaka sauti tu, nilitaka iamke tena saa kumi.

Dukani nilishindwa kumsemesha muuzaji, fundi akanisemea. Boksi moja lililoandikwa wati elfu moja, la bei ya kutupa, fundi alinipa nibebe. "Unaona? Jepesi kama mkate. Ndani kuna hewa na ahadi." Akanitaka nichague lile zito, nalo la wati elfu moja, lenye alama ya dhahabu na dhamana ya miaka kumi. "Mashine ya moto kama hii usiipimie umeme kwa kijiko, dogo."

Alitaka kulifunga mwenyewe. Nikaona haya kumwambia sitaki mtu mwingine aguse, nikadanganya kwamba baba atalifunga. Nikalifunga mimi. Nyaya mpya zilikuwamo kwenye boksi, lakini za zamani kaka alikuwa amezisuka vizuri na kuzifunga kwa uzi mweusi, mafundo yake mwenyewe. Sikuweza kuzifungua. Niliziacha, nikachomeka ncha zake kwenye boksi jipya. Ziliingia bila tabu.

Nilipobonyeza, diski ikatoa cheche. Moshi mwembamba. Nilikaa sakafuni nikasema jina lako.

Nilipomrudia fundi hakunifokea; angefoka ingekuwa nafuu. Alisema kila kampuni hupanga umeme wake ndani ya nyaya kwa namna yake, tundu likifanana si hoja. Kisha akavaa miwani, akaondoa kipande kilichoungua kwenye diski, kidogo kuliko punje ya mchele. "Hiki kimekufa ili wenzake wapone," akasema. Diski ikazunguka. Tulinakili kila kitu haraka haraka.

Alifunga nyaya mpya, akaniitia kwenye skrini. Ndani ya mashine kaka alikuwa ameiamuru ijiwashe kila siku saa kumi na kuanza kurekodi. Saa ninayotoka shule. Alitaka nikifika niikute tayari. Fundi akauliza, "Niifute?" Nikatikisa kichwa kukataa.

Kwa hiyo sauti unazo, Mama Mdogo. Ziko kwenye flashi niliyoshonea ndani ya bahasha hii. Anacheka, anatukana maadui, anasema "mama angeniona." Baada ya hizo kuna za chumba kitupu: feni, mlango, mimi nikibwabwaja. Nisamehe, sikufuta.

Ya mwisho ni ya ile Jumanne. Mimi nilikuwa kwenye mtihani, baba kazini, mama sokoni. Dakika tatu ni feni peke yake. Kiti kinalia. Kisha meza inagongwa, chuma juu ya mbao, mara tatu. Halafu tak, umeme unakatika. Baba anasema ni mbao zinajinyoosha kwa joto. Fundi alisikiliza mara mbili, akakusanya vifaa vyake na kuondoka bila kuaga.

Isikilize mchana, na mtu awe karibu nawe. Kisha nijibu jambo moja. Pete tulikukabidhi siku ya mazishi, ukaondoka nayo. Jumanne ile, saa kumi, ilikuwa wapi?

Msalimie Baba Mdogo, na yule mdogo wetu wa mwisho mwambie kofia ya kaka nimemtunzia. Mama na baba wanakukumbatia. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo.

Inakaribia saa kumi. Naenda kukaa pembeni ya kiti.

Wako akupendaye na kukuonea haya,
Kimya