Kibandiko cha Mashine ya Nje

Baba yangu uliye Lindi,

Shikamoo. Hili ninaloandika nimekaa nalo tangu kabla hujapanda basi la kusini, na wewe unanijua, mimi hata wageni wakija nilikuwa nawaamkia kutokea nyuma ya mlango.

Nakumbuka ulivyoanza kunichukua kazini siku za Jumamosi, nikiwa kidato cha pili. Macho yako yalikuwa yameanza kukataa maandishi madogo, na hayo madogo yenyewe yote ya Kiingereza. "Mama, hebu nisomee hapa," unaniambia, nami nachuchumaa nyuma ya friji la watu nakusomea kwa sauti unayoisikia wewe peke yako. Shuleni nikifungua mdomo kwa Kiingereza wananicheka. Kwako hakukuwa na wa kucheka. Tukirudi unanifundisha mambo ya viyoyozi: kwamba mashine ya ndani na ya nje hununuliwa pamoja, na kama mwenye nyumba kaziokota mbalimbali, basi kabla hujashika bisibisi angalia kama gesi zake, nguvu zake na umeme wake vinalingana. Kimoja kikikataa, usifunge. Halafu unanihoji kama mwalimu wa madrasa. "Chumba hatua nne kwa nne, ukuta unapigwa na jua la mchana, tunaweka ya ukubwa gani?" Nikipatia unacheka peke yako barabarani, watu wanatushangaa.

Sasa ile siku ya kwa Bwana Salumu, mnunuzi wa kaa. Alikuwa kamleta mama yake kutoka visiwani, na yule bibi aliyezoea upepo wa kule alikuwa hapati pumzi chini ya bati la hapa kwetu Kibiti. Mashine ya ndani ilikuwa mpya, imo kwenye boksi. Ya nje ilikuwa ya mtumba, imetoka kwingine, na mwenyewe anajisifu uani jinsi anavyojua kuchagua. Vijana wake wamekaa juu ya matenga ya kaa wananitazama. "Msomi huyo kaja! Tutangazie habari basi, kwa Kingereza!" Wewe ukasema, "Mama, nisomee gesi." Nikainama.

Baba, niliiona. Kibandiko kilikuwa kimechubuka, lakini niliiona. Ya nje gesi ya R22, ya ndani R410A, gesi zisizokubaliana. Nilijua maana yake. Ila kusema ilikuwa nisimame mbele ya wale vijana nimwambie mtu mzima, nyumbani kwake, kwamba alichokinunua hakifai. Nilitaka tu kuondoka pale. Nikasema, "Zinalingana." Hukuuliza mara ya pili. Hujawahi kuniuliza kitu mara mbili.

Ukazifunga, na wiki haikuisha kompresa ikaungua. Bwana Salumu akakusema sokoni, akakusema hadi nje ya msikiti, fundi gani anaua mashine ya mgonjwa. Ukapokea yote. "Nitakuwa nimekosea mahali," ulimwambia mama, "ila sijui wapi." Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nikaendelea kuosha.

Wateja wakakatika, na sasa unalinda ghala la watu huko.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa Bwana Salumu. Nilimkuta yule bibi kibarazani, anajipepea na kipande cha boksi. "Karibu mke mwenzangu," akasema, "mbona hodi yako kama ya mwizi?" Nikamwambia yote, naangalia miguu yake. Akaninyooshea kile kipande cha boksi. "Kumbe joto lote hili umenipikia wewe!" Halafu akapaza sauti, "Salumu! Njoo huku! Yule baba wa watu umemsema bure."

Bwana Salumu alinisikiliza akiwa kasimama, taulo begani. Ilibidi nirudie, tena kwa sauti, maana mwanzo hakunisikia. Akaniuliza, "Baba yako analijua hili?" Nikasema bado. "Basi kamwambie yeye kwanza. Halafu aje, tutaongea mimi na yeye."

Uso wake sikuuelewa, baba. Labda anataka kukuomba radhi, labda anataka mashine yake. Sitaki kukudanganya tena kwa kukuchagulia jibu zuri. Ninachojua ni kwamba hukukosea popote, na hilo nilikuwa nalijua peke yangu mwaka mzima huku wewe ukilitafuta.

Sikuandikii ili useme yameisha. Ukikasirika, kasirika. Kurudi au kutorudi ni lako. Ila kila ukipiga simu mimi nakuamkia tu, halafu namrushia mama. Ukishaisoma hii, piga. Nitapokea mimi, na sitampa mtu simu mpaka umalize kuniambia unachotaka kuniambia, hata kama ni kibaya.

Allah akulinde huko unakowalindia watu mali zao.

Binti yako mkubwa